Diski ya terabaiti 3 inayosoma 746 si mbovu, hesabu imefika mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme na wenye maduka ya kompyuta, mafundi wenzangu, na familia zinazonunua diski kubwa ili kuweka picha na video zao. Diski nyingi zinazorudishwa dukani kwa madai kwamba ni feki au zimekufa huwa ni nzima kabisa. Mnunuzi amelipia terabaiti 3, kompyuta inamwonyesha gigabaiti 746. Mwingine amelipia terabaiti 4, anaona 1678. Muuzaji anasema kompyuta imezeeka, fundi anasema tufomati upya, na ikishafomatiwa namba inabaki ileile, ila picha zilizokuwamo zimekwenda.

Kwanza tuondoe jambo moja lisilo kosa la mtu. Kiwanda huhesabu terabaiti 1 kuwa baiti trilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa 1024 badala ya 1000, halafu bado huandika GB. Kwa hiyo diski ya gigabaiti 500 itaonyesha 465, ya terabaiti 1 itaonyesha 931, na ya terabaiti 2 itaonyesha 1863. Hakuna aliyeibiwa hapo. Lakini 746 kwa diski ya terabaiti 3 ni habari nyingine, na namba hiyo haiji kwa bahati mbaya.

Kompyuta huifikia diski kwa namba za sekta, yaani vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa, na kwa desturi sekta moja hubeba baiti 512. Mpango wa zamani wa kugawa diski, MBR, uliingia kwenye kompyuta za IBM mwaka 1983, na umetenga biti 32 (tarakimu 32 za 0 au 1) za kuandika namba ya sekta. Biti 32 zinatoa namba 4,294,967,296 tu. Zidisha kwa 512 upate baiti 2,199,023,255,552, ambazo Windows huziita gigabaiti 2048. Sekta yoyote inayofuata haina anwani inayoweza kuandikwa katika jedwali hilo. Ukitoa kiasi hicho kwenye diski ya terabaiti 3, kinachobaki ni gigabaiti 746 na ushei. Ukitoa kwenye diski ya 4, kinabaki 1678. Diski ya 6 huvuka kikomo mara mbili na kubakiza 1493, ya 8 huvuka mara tatu na kubakiza 1308. Ndiyo maana mtu anaweza kuchomeka diski ya terabaiti 8 ikaonekana ndogo kuliko ya 4, akaapa kwamba ametapeliwa.

Sasa kazi ya fundi ni kujua hesabu imekatikia wapi, kwa sababu tiba zinatofautiana. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha angalia sehemu ya chini ya dirisha. Ukiona diski ina kipande cha 2048 GB na pembeni yake kipande chenye mstari mweusi kinachokataa kutumika, tatizo ni MBR peke yake. Windows inaiona diski yote, ila jedwali halina pa kuandika kilichozidi. Ukiona diski nzima ni 746 GB na hakuna kipande kingine chochote, basi jedwali halihusiki. Kuna kitu kati ya diski na Windows kinachokata biti za juu za namba: kasha la USB, doki (stendi ya kuchomekea diski isiyo na kasha), au draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ya kidhibiti cha SATA, njia inayounganisha diski ndani ya kompyuta. Draiva za zamani za Intel RST, kabla ya toleo la 10.1, zilikuwa na tabia hiyo hasa, na kuzisasisha kunatosha. Kasha la USB lenye chipu ya zamani halitibiki. Linunuliwe jingine, na kabla ya kulipa usome maelezo yake yanasema linabeba hadi terabaiti ngapi.

Hali hii ya pili ndiyo ya hatari. Chipu inayokata namba ni kama mita ya gari iliyofika mwisho na kurudi sifuri: ukiiambia iandike kwenye sekta iliyo mbele ya kikomo, inaandika mwanzoni mwa diski, juu ya jedwali na orodha za faili zilizopo. Kwa hiyo diski iliyojazwa ndani ya kompyuta ikisoma vizuri, halafu ikachomekwa kwenye doki ya zamani, inaweza kuharibiwa kwa kunakili faili chache tu. Kosa hilo si geni. Windows XP ya mwanzo, kabla ya kifurushi cha kwanza cha marekebisho, ilihesabu kwa biti 28, na biti 28 zinaishia baiti 137,438,953,472. Aliyefunga diski ya gigabaiti 160 kwenye XP hiyo aliona 127, na aliyelazimisha zaidi alipoteza kila kitu. Kabla ya hapo kulikuwa na kikomo cha gigabaiti 8.4, na kabla yake megabaiti 528. Shule au ofisi yenye Pentium III ya msaada iliyofungwa diski ya gigabaiti 80, halafu mashine ikaganda kwenye maandishi ya kuwaka, imekutana na ndugu yao mwingine, kikomo cha gigabaiti 32 cha bayosi (programu ya mazabodi inayowasha kompyuta) za wakati huo. Diski nyingi za enzi hizo zina pini ya kuziba nyuma, mchoro wake uko kwenye lebo, inayoifanya diski ijitaje kuwa ya 32 ili mashine iwake.

Turudi kwenye kompyuta za leo. Dawa ya MBR ni GPT, mpango unaohesabu sekta kwa biti 64, unaokubali patisheni (vipande vya diski) 128 kwenye Windows, na unaoweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski. Diski mpya isiyo na kitu ukiichomeka na kufungua diskmgmt.msc, Windows itafungua dirisha likiuliza ianzishwe kwa MBR au GPT. Chagua GPT, hata kama diski ni ndogo, isipokuwa itatumika kwenye televisheni ya zamani au Windows XP ya biti 32. XP hiyo haisomi GPT. Itaona kipande kimoja kilicholindwa na itakataa kukifungua.

Nawasihi mafundi: dirisha hilohilo likitokea kwa diski ambayo mteja anasema ina vitu vyake, bofya kughairi. Usichague MBR, usichague GPT. Maana yake ni kwamba kompyuta haijalipata jedwali mahali ilipolitazamia, na sababu yake mara nyingi ni kasha. Makasha kadhaa ya USB ya diski kubwa huidanganya kompyuta kwamba sekta ni za baiti 4096 badala ya 512, ili MBR iweze kufika terabaiti 16 na diski isomeke hata kwenye XP. Mbinu hiyo inafanya kazi vizuri mradi diski inakaa humo. Siku adapta ya umeme ya kasha inapoungua, mwenye mali anaifungua, anaitoa diski na kuifunga moja kwa moja kwenye SATA. Hapo sekta zinahesabiwa kwa 512, namba zote za jedwali zinaelekeza mahali pasipo sahihi, na Windows inaiona diski kama isiyofomatiwa au mpya. Data yote ipo. Tafuta kasha la aina ileile, au tumia TestDisk, programu ya bure, ukiwa umeiweka diski katika hali ya kusomwa tu, uzinakili faili kwenda kwenye diski nyingine. Diski ngapi zimefutwa kwa sababu ya kubofya mara moja katika dirisha hilo, Mungu ndiye ajuaye.

Kubadili MBR kuwa GPT kwenye diski ya data iliyo tupu ni kazi ya dakika moja. Fungua diskpart, zana ya amri ya Windows, kwa haki za msimamizi, andika list disk. Safu ya mwisho huweka nyota kwa diski iliyo ya GPT. Andika select disk na namba yake, halafu clean, halafu convert gpt. Amri ya clean haiulizi mara mbili. Kabla ya kuiandika, itambue diski kwa ukubwa wake, wala usitegemee namba peke yake, kwa kuwa namba hubadilika ukichomeka flashi. Na ikiwezekana chomoa diski nyingine zote zisizohitajika. Diski yenye vitu ndani, kwenye Linux, inaweza kubadilishwa na programu ya gdisk bila kufutwa, mradi mwisho wa diski una sekta 33 zisizokaliwa, maana ndipo nakala ya GPT hukaa. Bekapu bado ni lazima. Umeme ukikatika katikati ya kuandika jedwali, ujuzi hautasaidia.

Diski yenye Windows yenyewe ina njia yake. Tangu Windows 10 toleo la 1703 kuna amri ya mbr2gpt. Anza na mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS, ambayo hukagua bila kugusa kitu. Ikikubali, rudia ukiweka /convert mahali pa /validate. Ikikataa, mara nyingi ni kwa sababu diski ina patisheni kuu nne, na amri hiyo hukubali tatu kwa wingi, tena bila patisheni ya kupanuliwa. Kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 7 zina nne: ya kuwashia, ya Windows, ya urejeshaji na ya zana za mtengenezaji. Hiyo ya mwisho ndiyo huondolewa kwanza, ikishahifadhiwa pembeni. Kama BitLocker, ulinzi wa Windows unaosimba diski, imewashwa, isimamishwe kabla ya kuanza. Baada ya kubadili, ingia kwenye mipangilio ya mazabodi, uiweke kwenye UEFI, mrithi wa bayosi, na kuzima CSM, hali ya kuiga bayosi ya zamani. Wengi husahau hatua hii, mashine inakataa kuwaka, wanadhani wameharibu diski, wanapakia Windows upya bure.

Hapa ndipo nataka kupinga kauli inayosikika sana madukani, kwamba kompyuta fulani ya mtumba mwisho wake ni terabaiti 2. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na inawagharimu watu. Kompyuta yenye bayosi ya zamani haiwezi kuwasha Windows kutoka kwenye diski ya GPT. Hilo linahitaji UEFI, na kwa kawaida Windows ya biti 64. Lakini Windows ikishawaka, haitumii tena bayosi kuzungumza na diski. Kwa hiyo weka SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya gigabaiti 240 kwa MBR iwe ya kuwashia, na diski ya terabaiti 4 au 8 kwa GPT iwe ya data. Windows tangu Vista, hata ya biti 32, husoma diski ya data ya GPT. Mashine iliyonunuliwa kwa bei ya chini inaweza kuwa ghala la picha la familia bila kubadilishwa mazabodi. Kwenye Linux hata kuwasha kunawezekana: tengeneza patisheni ya megabaiti 1 yenye msimbo ef02 ili GRUB, programu inayowasha Linux, ipate pa kukaa, na bayosi ya zamani itawasha kutoka GPT. Wapo wachache ambao mashine yao huganda mara tu diski kubwa inapofungwa, kwa kuwa bayosi inashindwa hata kuitambua. Hao wasasishe bayosi, ikishindikana waitumie diski hiyo kupitia kasha la USB jipya. Usikisie uwezo wa mashine kwa kuangalia umri. Fungua msinfo32 kama ulivyofungua diskmgmt.msc, angalia mstari wa BIOS Mode, uone kama Windows imewaka kwa UEFI au kwa Legacy, yaani njia ya bayosi ya zamani.

Tatizo jingine huletwa na mafundi wenyewe wakati wa kuhamisha. Mteja ana diski ya terabaiti 1 iliyojaa, ananunua ya 4, fundi anatengeneza nakala pacha ya sekta kwa sekta. Nakala pacha hubeba kila kitu, pamoja na MBR, hivyo diski mpya inakuja na kikomo cha ile ya zamani na karibu nusu yake inabaki na mstari mweusi. Badilisha kwanza diski ya zamani iwe GPT kwa mbr2gpt, ndipo unakili. Na hata kwa diski ndogo, ukihamisha kutoka gigabaiti 500 kwenda terabaiti 1, Windows itakataa kupanua C kama kipande cha urejeshaji kimekaa kati yake na eneo jipya, kwa sababu hupanuka tu kwenye eneo tupu lililo mara moja upande wake wa kulia. Kisogeze kipande hicho hadi mwisho kwa GParted, programu ya bure ya kugawa diski, halafu panua. Si kazi ya kufomati.

Mfumo wa faili, yaani namna faili zinavyopangwa kwenye diski, nao una kikomo chake, na watu wengi hukutana nacho kwenye flashi bila kujua. FAT32 haikubali faili moja kuzidi baiti 4,294,967,295. Video ya harusi ya gigabaiti 6 haitaingia hata kama flashi ya gigabaiti 64 ni tupu, na ujumbe unaotokea huwafanya watu waamini flashi imejaa. exFAT haina kikomo hicho na inasomwa na Windows na Mac, ila haiweki kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyaandika. Ikichomolewa ghafla au umeme ukikatika, inaharibika kwa urahisi kuliko NTFS, mfumo wa Windows yenyewe. Kwa diski ya bekapu inayotumika na Windows pekee, chagua NTFS. Kwa wenye diski za terabaiti 18 au 20: NTFS yenye klasta (vipimo vidogo vya nafasi wanavyogawiwa faili) za kilobaiti 4 huishia terabaiti 16, hivyo kubwa zaidi zifomatiwe kwa klasta za kilobaiti 8 au zaidi tangu mwanzo.

Wenye laptopu wajue kwamba kuna kikomo cha unene. Nafasi ya diski ya inchi 2.5 katika laptopu nyingi ni milimita 7 au 9.5. Diski za kuzunguka (si SSD) za inchi 2.5 za terabaiti 4 na 5 ni nene, milimita 15, na hazitaingia. Baadhi ya zile zinazouzwa zikiwa ndani ya makasha hazina hata meno ya SATA. USB imeunganishwa moja kwa moja kwenye saketi yake, kwa hiyo kulivunja kasha ni kupoteza udhamini bila faida. Na diski kubwa ya inchi 3.5 iliyotolewa kwenye kasha ikifungwa kwenye kompyuta ya mezani isizunguke kabisa, usiitupe. Nyingi zinatumia pini ya 3 ya umeme kama swichi ya kuzima, na pawasaplai za kawaida hupeleka volti 3.3 hapo, hivyo diski inapokea amri ya kulala daima. Ziba pini hiyo kwa utepe usiopitisha umeme, au tumia adapta ya plagi ya zamani ya pini nne, ambayo haina volti 3.3. Epuka adapta ambazo plastiki yake imemiminwa juu ya nyaya, hizo huungua.

Feki zipo pia, na sitaki mtu asome barua hii akadhani kila lalamiko ni hesabu ya biti. Flashi zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana zikiwa zimeandikwa terabaiti 2 au 16 ni za uongo. Chipu yake imepangwa ijitaje kuwa kubwa, na ikijaa uwezo wake halisi, faili mpya hutupwa au huandikwa juu ya za zamani huku majina yakiendelea kuonekana. Dalili ni tofauti na ya MBR: diski ya kweli iliyogonga kikomo huonyesha pungufu, flashi ya uongo huonyesha nyingi kuliko ilizo nazo. Pima kwa H2testw kwenye Windows, au f3write kisha f3read kwenye Linux. Programu hizo hujaza nafasi yote na kuisoma tena, kwa hiyo zinahitaji muda: diski ya terabaiti 4 ikiandika megabaiti 100 kwa sekunde huchukua saa 11 kujaza, na nyingine karibu sawa na hizo kusoma. Fanya hivyo kabla ya muda wa kurudisha bidhaa kuisha. Anayeuziwa ya uongo akiwa Tanzania ana mahali pa kupeleka ushahidi wa kipimo hicho, yaani Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia bidhaa bandia.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo na halina gharama. Kabla ya kuuza diski inayozidi terabaiti 2, muulizeni mteja maswali matatu: ataifunga ndani au kwenye kasha, itawasha Windows au itakaa na data tu, na kompyuta yake ni ya UEFI au ya bayosi ya zamani. Kisha ianzisheni kwa GPT mbele yake, fungueni diskmgmt.msc aone 2794 kwa diski ya 3 au 3726 kwa diski ya 4, na kwenye risiti andikeni ukubwa huo pamoja na namba ya utambulisho iliyo kwenye lebo ya diski. Akirudi wiki ijayo akisema inasoma 746, mtajua wote wawili kwamba cha kukaguliwa ni kasha au draiva, na diski yenyewe isiguswe hadi picha zake zihamishwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa kompyuta,
Morogoro